Ghala la Picha Chini ya Mlima Meru: Historia ya Kuhifadhi Video kwa Pamoja

Kila kazi ifanywayo na watu wengi ina mahali pake pa kuwekea vitu. Wakulima wana ghala la nafaka, wafanyabiashara wana bohari, na serikali ina hazina. Kazi ya kuhariri video nayo haiwezi kwenda bila mahali pa namna hiyo, maana picha moja hupita katika mikono mingi kabla ya kuonyeshwa: mtu wa kwanza huikata, wa pili huisafisha sauti yake, wa tatu huandika maneno chini yake, na wa nne huikagua. Zamani mahali hapo palikuwa rafu ya kanda. Leo ni kompyuta moja yenye diski nyingi, iliyounganishwa kwa waya na kompyuta za wahariri wote, nayo huitwa seva.

Insha hii yakusudia kueleza jinsi ghala hilo lilivyopata kuwako, na kwa nini historia yake yaihusu Arusha kuliko msomaji awezavyo kudhani. Neno ninalotaka kulithibitisha ni hili: ghala la pamoja ni mapatano ya watu kabla ya kuwa mtambo. Nani aweke, nani atoe, nani aruhusiwe kutazama, na nani atunze nakala ya pili. Maswali haya yasipojibiwa, diski zilizo bora kabisa haziokoi kitu. Mahali pengine mapatano hayo yakivunjika hupotea fedha au filamu. Arusha kulikuwa na ghala ambalo mapatano yake, kama yangalivunjika, yangaliweza kuhatarisha maisha ya watu.

Yafaa tuanze na picha ambazo hazikubaki. Katika miaka ya 1960 na 1961 kundi la wapiga picha kutoka Marekani, likiongozwa na Howard Hawks, lilipiga filamu iliyoitwa Hatari! katika nchi iliyo chini ya Mlima Meru, hasa pande za Momella. John Wayne na Hardy Krüger walikuwa miongoni mwa waigizaji wake, na filamu ilitolewa mwaka wa 1962. Mlima, faru, twiga na vumbi la nchi ile vilionekana duniani kote. Lakini filamu yenyewe iliyopita katika kamera ilisafirishwa ng'ambo, ikakatwa na kuunganishwa huko, na ghala lake likawa huko huko. Ndiyo iliyokuwa desturi ya siku zile: pa kupigia picha palikuwa Afrika, pa kuhifadhia palikuwa kwingine.

Habari ya Vugiri ni ya kusikitisha zaidi. Huko Vugiri, katika milima ya Usambara, ulianzishwa mwaka wa 1935 mpango wa kuwafundisha watu wa Afrika ya Mashariki kwa njia ya filamu, chini ya L. A. Notcutt na G. C. Latham, kwa msaada wa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani. Hata mpango ulipokwisha mwaka wa 1937 zilikuwa zimetengenezwa filamu 35. Filamu hizo zenyewe zilikuwa bubu; sauti yake, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine, ilitiwa katika sahani za santuri zilizochezwa kando wakati picha zikipita. Sahani ikivunjika au ikipotea njiani, picha ilibaki haina neno. Na picha nazo hazikudumu: zijulikanazo kusalia leo ni chache mno. Katika habari hiyo twapata mafunzo mawili ambayo wajenzi wa maghala ya leo wameyapata kwa shida. Kwanza, vitu vinavyokwenda pamoja visipowekwa pamoja hutengana. Pili, kitu chenye nakala moja tu kimekwisha kuanza kupotea.

Sasa na tutazame mitambo ilivyotokea. Mwaka wa 1956 ni mwaka wa ajabu katika historia hii, kwa sababu vitu viwili vilizaliwa pamoja bila kujuana. Mwezi wa Aprili mwaka huo kampuni ya Ampex ilionyesha mjini Chicago mtambo wa kwanza uliofaa kazi ya kutia picha za televisheni katika ukanda wa sumaku. Mwezi wa Septemba kampuni ya IBM ikatangaza mtambo ulioitwa RAMAC, ambao ghala lake lilikuwa diski ya sumaku. Diski hiyo ilikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na upana wa inchi 24, na uzito wake ulikaribia tani moja. Sahani zote hizo ziliweza kushika herufi milioni 5 tu. Kwa kipimo cha video nzuri za kuhariria za siku hizi, mtambo ule mzima usingetosha kuweka hata sekunde moja.

Kwa hiyo kwa muda mrefu picha zilikaa katika ukanda, na hesabu zikakaa katika diski. Ukanda una sifa njema: ni wa bei nafuu, na waweza kubebwa mkononi. Lakini una ila mbili kwa watu wafanyao kazi pamoja. Ila ya kwanza ni kwamba mtu atakaye picha iliyo mwisho wa ukanda hana budi kuuzungusha wote. Ya pili ni kwamba ukanda ulio mkononi mwa mtu mmoja haumo mkononi mwa mwingine. Mhariri aliyeuchukua akaenda nao nyumbani amewafungia wenzake mlango, hata kama hakukusudia ubaya wowote.

Jaribio la kuhariri picha kutoka katika diski lilifanywa Marekani mwaka wa 1971, kwa mtambo ulioitwa CMX 600. Lakini diski za siku zile zilikuwa ghali na zilishika dakika chache tu. Ilipofika mwaka wa 1989 kampuni ya Avid ikaonyesha kompyuta ya kuhariria video, na tangu hapo uhariri ukaanza kuhama kutoka ukanda kuingia diski. Hata hivyo kila kompyuta ilikuwa na diski zake yenyewe. Watu waliacha kubebeana kanda, wakaanza kubebeana diski.

Mambo mawili yalihitajika ili ghala liwe la wote. La kwanza ni diski nyingi kufanya kazi kama moja. Mwaka wa 1988 wanachuo watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nao ni David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walitoa makala iliyoeleza jinsi diski ndogo nyingi za bei nafuu ziwezavyo kushinda diski moja kubwa ya bei ghali, kwa upesi na kwa usalama. Siri ya usalama huo yaweza kuelezwa kwa hesabu ya mtoto wa shule. Tuseme diski ya kwanza imeandikwa 5, ya pili imeandikwa 7, na ya tatu tumeandika jumla yake, yaani 12. Diski ya pili ikifa, twatoa 5 katika 12, tukapata 7 yetu tena. Hesabu itumiwayo na mitambo ni ya namna nyingine kidogo, lakini maana yake ndiyo hiyo: diski moja ikifa, zilizobaki zajua ilikuwa na nini.

Jambo la pili ni njia ya kuifikia diski iliyo katika chumba kingine. Mwaka wa 1973 Robert Metcalfe, aliyekuwa katika maabara ya Xerox huko California, aliandika mpango wa kuunganisha kompyuta kwa waya mmoja, uitwao Ethernet. Mwaka wa 1984 kampuni ya Sun ikatengeneza utaratibu uitwao NFS, ambao kwa huo kompyuta huliona ghala la mbali kana kwamba ni diski yake yenyewe. Na mwaka wa 1992 Andrew Tridgell wa Australia akaanza programu iliyoitwa baadaye Samba, iliyowezesha kompyuta za namna mbalimbali kushirikiana mafaili bila malipo. Hapo ndipo ghala la pamoja lilipoweza kujengwa hata na watu wasio na mali nyingi.

Msomaji wa Meru au wa Arusha hatapata taabu kufahamu tabia ya waya huo, maana unafanana na mfereji wa maji. Katika miteremko ya mlima ule wakulima wa Kimeru na wa Kiarusha wametumia mifereji ya pamoja tangu zamani, na mfereji hauna faida kwa yeyote bila zamu. Mtu wa juu akifungulia maji yote, migomba ya mtu wa chini hukauka. Video nayo ni kama maji. Video nzuri ya kuhariria yaweza kuhitaji megabiti 50 kila sekunde. Waya wa kawaida wa siku hizi hupitisha megabiti 1,000 kwa sekunde. Wahariri 10, kila mmoja akitazama picha 2 kwa wakati mmoja, huumaliza waya huo wote. Akija wa 11, picha za wote huanza kusitasita. Kwa sababu hiyo mjenzi wa ghala hana budi kuuliza kwanza watu ni wangapi na kazi yao ni ipi, ndipo anunue diski na waya. Wengi hufanya kinyume chake.

Na mtambo ukiwa mzuri kiasi gani, hauwezi kumzuia mwenye ruhusa asifanye kosa. Mwaka wa 1998, wakati kampuni ya Pixar ilipokuwa ikitengeneza filamu ya Toy Story 2, amri moja iliyoandikwa katika kompyuta ilianza kufuta mafaili ya filamu hiyo ndani ya ghala la pamoja. Walipotafuta nakala za akiba waliona kwamba nakala hizo hazikuwa zikiandikwa sawasawa. Kazi iliokolewa na mfanyakazi mmoja aliyekuwa na nakala nyumbani kwake, kwa sababu alikuwa akifanya kazi huko baada ya kujifungua. Diski zote zilikuwa nzima. Zilitii amri iliyo mbaya kwa uaminifu ule ule ambao zingetii amri iliyo njema.

Sasa turudi Arusha. Kati ya Aprili na Julai mwaka wa 1994, katika muda wa siku 100 hivi, watu zaidi ya 800,000 waliuawa nchini Rwanda katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Tarehe 8 Novemba 1994 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 955, liliunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, na kwa azimio la Februari 1995 likaamua makao yake yawe Arusha. Mahakama iliwekwa katika jengo la mikutano la kimataifa, ambalo lilijengwa liwe makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, iliyovunjika mwaka wa 1977. Kesi ya kwanza, ya Jean-Paul Akayesu, ilianza kusikilizwa Januari 1997, na hukumu yake ya tarehe 2 Septemba 1998 ilikuwa ya kwanza kutolewa na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari. Hata mahakama ilipofungwa tarehe 31 Disemba 2015, watu 93 walikuwa wameshtakiwa, mashahidi zaidi ya 3,000 walikuwa wamesikilizwa, na siku za vikao zilikuwa zimefika 5,800, kwa kuwa vyumba kadhaa vilifanya kazi kwa pamoja.

Mambo hayo yajulikana. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba mahakama hiyo ilikuwa pia mahali pa kutengenezea picha. Kanuni ya 81 ya taratibu zake ilimwamuru Msajili atunze kumbukumbu kamili na sahihi ya vikao vyote: sauti, maandishi, na video pale majaji walipoona inafaa. Kwa hiyo, mwaka baada ya mwaka, kamera ziliangalia kizimba, na kanda zikazidi kuongezeka. Tena picha zenyewe zilipata kuwa ushahidi. Nick Hughes, mpiga picha Mwingereza aliyepiga kutoka mbali picha chache za mauaji mjini Kigali mwaka wa 1994, alitoa ushahidi katika kesi ya Georges Rutaganda, iliyohukumiwa Disemba 1999. Na katika kesi iliyohukumiwa tarehe 3 Disemba 2003, juu ya Redio RTLM na gazeti la Kangura, sauti zilizorekodiwa zilikuwa kiini cha mashtaka.

Lakini kumbukumbu hizo hazikuwa za kuonyeshwa ovyo. Kanuni za 69, 75 na 79 ziliruhusu majaji kuficha majina ya mashahidi na kufunga milango ya vikao. Shahidi aliingia akiitwa kwa herufi tu. Katika kesi ya Akayesu ushahidi wa wanawake walioitwa kwa herufi kama J na H ndio uliofanya mashtaka ya ubakaji yaongezwe mwezi wa Juni 1997, na kwa ushahidi wa namna hiyo sheria ya ulimwengu ikabadilika. Wanawake wale walisema mbele ya majaji mambo ambayo huenda hawakuwahi kuwaambia hata ndugu zao, kwa ahadi kwamba jina na uso wao havitatoka nje.

Ahadi hiyo iliingia katika ghala la picha, ikawa kazi ya wahariri. Maana wakati wa kuhamisha vikao kutoka katika kanda na kuvitia katika kompyuta ulipofika, ilionekana kwamba kila kikao kilihitaji kuwa na sura mbili: sura kamili, ya majaji na wenye ruhusa; na sura ya watu wote, iliyokatwa sehemu za faragha na kuzibwa kila jina lililoponyoka. Kwa Kiswahili chetu kazi hiyo twaweza kuiita kusitiri, na sioni neno lililo bora kulishinda, kwa kuwa kusitiri si kuficha tu; ni kufunika kwa heshima. Na ni kazi ngumu. Vikao vilisikilizwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kinyarwanda. Jina la kijiji likizibwa katika Kiingereza likaachwa katika Kinyarwanda, halikusitiriwa. Shahidi akisema jina la mumewe saa tatu asubuhi, na wakili akalitaja tena saa nane mchana, kuziba mara moja hakufai kitu. Kwa hiyo kazi ya mhariri mmoja hukaguliwa na mwingine ajuaye lugha ya pili, na wa tatu aliyesoma amri za majaji. Watu hao wote yawapasa waone picha ile ile, si nakala tatu zilizotofautiana. Mmoja akisahihisha nakala yake na mwenziwe akatoa nje nakala ya jana, ahadi imevunjwa.

Hapa ndipo ghala la pamoja linapoonyesha kazi yake. Faili ni moja, na jina lake ni moja. Atakayelishika hulifunga mpaka amalize, na wengine huliona lakini hawawezi kuligeuza. Picha asilia huwekwa mahali ambapo hata mhariri hodari hawezi kuifuta. Yeye huandika tu maagizo ya kukata, na maagizo hayo yakikosewa husahihishwa bila kuigusa asilia. Daftari la seva huandika nani alifungua faili gani na saa ngapi. Na milango haifanani: mwenye kusikiliza kwa ajili ya tafsiri hana haja ya kufikia chumba cha majina. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na katika mali ya namna hii, habari zaweza kutoka bila mali kupotea, jambo ambalo ni baya zaidi.

Kwamba hatari hiyo si ya kubuni ilionekana Arusha kwenyewe. Augustin Ngirabatware, aliyekuwa waziri wa mipango wa Rwanda na akapatikana na hatia mwaka wa 2012, aliomba hukumu yake iangaliwe upya, akakataliwa mwezi wa Septemba 2019. Kisha tarehe 25 Juni 2021 yeye na wenzake walihukumiwa Arusha kwa kuidharau mahakama, kwa mambo yaliyohusu kuwashawishi mashahidi waliokuwa wakilindwa wabadili maneno yao. Naye akapewa kifungo cha miaka 2. Hatari ile haikutoka katika diski. Lakini inatuonyesha kwamba zaidi ya miaka 20 baada ya mauaji, jina la shahidi lilikuwa bado kitu ambacho watu walikitafuta kwa bidii.

Msomaji aweza kuuliza ghala kama hilo lahitaji ukubwa gani. Tufanye hesabu kwa mfano tu. Tuchukue siku 5,800, kila siku saa 4 za picha: ni saa 23,200. Video ya megabiti 50 kwa sekunde hula gigabaiti 22.5 kwa saa. Jumla ni gigabaiti 522,000, yaani terabaiti 522, kwa nakala moja ya sura moja. Ukiongeza sura iliyositiriwa na nakala za akiba, hesabu hiyo hupanda mara tatu au nne. Wala Arusha haikuwa peke yake katika mzigo huo. Shirika la Shoah lililoanzishwa Marekani mwaka ule ule wa 1994 lilikusanya shuhuda karibu 52,000, hasa za walionusurika mauaji ya Wayahudi, katika kanda zaidi ya 235,000. Nalo lililazimika kuzihamisha zote kuingia katika kompyuta kabla ukanda haujaoza, na baadhi ya kanda zilikutwa zimekwisha kuharibika.

Baada ya mahakama kufungwa, kumbukumbu zake zilirithiwa na taasisi ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa kwa azimio namba 1966 la Disemba 2010 kushughulikia mashauri yaliyosalia, ambayo tawi lake la Arusha lilianza kazi tarehe 1 Julai 2012. Makao mapya ya tawi hilo yalifunguliwa tarehe 25 Novemba 2016 huko Lakilaki, wilaya ya Arumeru, katika ardhi iliyotolewa na Tanzania, na miongoni mwa majengo yake limo la kuhifadhia nyaraka. Tukikumbuka filamu zilizotoka Momella na zile za Vugiri, twaona mabadiliko makubwa: hapa ghala lilijengwa mahali pale pale ambapo picha zilipigwa. Lakini kuwa karibu si kuwa salama. Mlima Meru ni mlima wa moto, na mara ya mwisho kutoa moto ilikuwa mwaka wa 1910. Hapana mtunzaji mwenye busara awezaye kuweka nakala zake zote chini ya mlima mmoja, uwe wa moto au usiwe. Kanuni ifuatwayo na wengi ni ya nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja iwe mbali.

Mambo haya si ya mahakama peke yake. Arusha ya leo ina vikundi vingi vya vijana wapigao picha za watalii, za wanyama, za harusi, za muziki na za mikutano. Wengi wao huweka kazi zao katika diski ndogo za mkononi zilizotapakaa katika mikoba na madroo, kila moja na jina lake lisiloeleweka ila na mwenyewe. Kikundi cha watu watano kingeweza kujenga ghala lake kwa kompyuta iliyokwisha kutumika, diski nne au tano, swichi ya kuunganishia waya, betri ya kuilinda kompyuta umeme ukatikapo, na programu zisizolipiwa. Ugumu haumo humo. Ugumu umo katika kukaa pamoja siku moja, kabla ya kununua kitu, na kuandika: mafaili yataitwaje, asilia itakaa wapi, nani ataruhusiwa kufuta, nakala ya pili itachukuliwa siku gani na kupelekwa kwa nani, na wale waliopigwa picha wameahidiwa nini.

Swali hilo la mwisho ndilo lisahaulikalo. Bibi arusi, mgonjwa aliyehojiwa, mtoto wa shule, mzee aliyesimulia habari za ardhi yake: kila mmoja ametoa uso na sauti kwa mapatano fulani, hata kama hayakuandikwa. Mtunza ghala huyarithi mapatano hayo pamoja na mafaili, wala hawezi kusema kwamba yeye ni fundi wa mitambo tu.

Wanachuo wa lugha na historia nao wana sehemu yao. Maandishi ya karne zilizopita yalitufikia kwa sababu watu waliyanakili kwa mkono, wakaandika mwishoni jina la mwandishi na tarehe. Sauti na sura za wakati wetu hazitawafikia wajukuu wetu kwa bahati. Picha zinazopigwa leo katika Kiswahili, Kimeru na Kimaasai kandokando ya mlima huu ni nyingi kuliko zote zilizopigwa tangu kamera ya kwanza ilipofika, na nyingi zao zina nakala moja tu. Yafaa vyuo vyetu na vikundi hivyo viweke mapatano mapema, angali wapo watu wanaokumbuka ni nani aliyemo katika picha, anasema nini, na aliruhusu nini.